Kunyamaza Nako Ni Dhuluma? Haki kwa Mizani ya Wastoiki

Ustoiki, falsafa ya kale ya Wagiriki na Warumi, umerudi kwa kishindo, ila umerudi nusu. Kinachouzwa leo ni utulivu: usihangaike na usiloliweza, amka mapema, vumilia, songa mbele. Tangu mwanzilishi wake Zeno aanze kufundisha Athens karibu na mwaka 300 K.K., Wastoiki walishika fadhila nne: hekima, ujasiri, kiasi na haki. Tatu za kwanza zina wateja. Ya nne imedoda, kwa sababu yenyewe humdai mtu kitu kwa ajili ya mwenzake. Na hapo ndipo pa kushangaza, maana Marcus Aurelius, kaizari wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 B.K. na kipenzi cha wanaonukuu, aliandika kwamba fadhila nyingine zote chimbuko lake ni haki.

Wastoiki wenyewe hawakukubaliana haki inadai kiasi gani. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, katika kitabu chake cha mwaka 44 K.K. kuhusu wajibu, anaeleza mjadala wao mmoja. Mfanyabiashara mwaminifu anatoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda Rhodes, ambako kuna njaa na bei imepaa. Njiani ameona meli nyingine zenye nafaka zikielekea huko huko. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Diogenes wa Babiloni, mkuu wa Wastoiki wa enzi zake, alisema atimize matakwa ya sheria, asidanganye, kisha auze atakavyo. Kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alipinga: watu wote ni jamii moja, na manufaa yao ndiyo manufaa yako, basi sema.

Wengi tungekimbilia upande wa Antipater, na Cicero naye alielekea huko. Mimi nasitasita kidogo. Aliyetangulia kufika Rhodes alijitaabisha na kuhatarisha mali yake baharini. Akilazimika kugawa bure kila habari aliyonayo, safari ijayo nani atakimbilia kwenye njaa? Lakini Cicero anaongeza mfano wa pili: nyumba inauzwa, mbao zake mbovu, nyoka wanaonekana vyumbani, na mwenye nyumba peke yake ndiye ajuaye. Wanaomtetea Diogenes wanajibu kwamba hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Hapo namwacha Diogenes aende zake. Habari za soko ni jambo moja, ubovu wa kitu unachomkabidhi mtu ni jambo lingine. Programu ya simu inayokusanya taarifa zako na kukuelekeza kwenye masharti marefu uliyoyakubali bila kuyasoma inasimama pale pale alipo mwenye nyumba yule, na utetezi wake ni wa Diogenes: sheria imetimizwa, nawe hukulazimishwa.

Kuna pingamizi zito zaidi. Wastoiki hufundisha kwamba wema wa tabia ndio pekee ulio kheri. Mali, afya, hata uhuru wa mwili haviongezi wala kupunguza kheri ya mtu. Sasa aliyeibiwa amepoteza nini? Mtumwa amedhulumiwa nini? Mwanafalsafa Martha Nussbaum amewabana hapa, na sidhani kama wamechomoka kabisa. Jibu lao bora ni la Chrysippus, mmoja wa wakuu wao wa mwanzo: mkimbiaji ajitahidi kwa nguvu zake zote kushinda, ila asimtege mwenzake mguu wala kumsukuma. Ubaya uko kwa anayetega, hata kama ushindi wenyewe si kheri ya kweli.

Jibu hilo linafaa likitumiwa na mtu juu ya nafsi yake. Epictetus, Mstoiki aliyewahi kuwa mtumwa, alipofundisha kwamba hakuna awezaye kukunyang'anya hiari yako, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwajiri akikata mishahara na kuwahubiria wafanyakazi maneno hayo hayo, dawa imegeuka silaha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sehemu kubwa ya Ustoiki wa vitabu vya mafanikio hufanya kosa hili: huchukua ushauri wa kujistahimili na kuutumia kumfunga mwingine mdomo.

Kwenye mifumo ya jamii, kama utumwa, wakosoaji wa Ustoiki wana hoja. Seneca, Mstoiki wa Roma, aliandika vizuri katika barua yake ya 47 kwamba watumwa ni wanadamu wenzetu, na asitake utumwa ukomeshwe. Yeye mwenyewe alikuwa tajiri mkubwa katika utawala wa kaizari Nero. Marcus alikuwa na dola nzima mkononi, na utumwa ukabaki. Walimtengeneza bwana mpole wakauacha ubwana wenyewe. Lakini kusema kwamba falsafa hii huzaa watu wa kukunja mikono si kweli. Mwaka 59 B.K., Nero alipomuua mama yake na baraza la Seneti likaanza kupitisha maazimio ya kumsifu, Thrasea Paetus, mjumbe wa baraza hilo aliyejulikana kwa Ustoiki wake, alinyanyuka akatoka. Mwaka 66 alihukumiwa kufa.

Marcus mwenyewe aliandika kwamba mara nyingi dhuluma imo katika usilolitenda, si katika ulitendalo tu. Kwa kipimo hicho Thrasea anapita. Kaizari aliyeyaandika maneno hayo, akiwa na uwezo kumzidi kila mtu wa dola yake, ndiye mwenye maswali ya kujibu kuhusu utumwa.