Alama za Mwalimu Si za Bure

Tangu KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ifanywe kwa mara ya mwisho Kenya mwaka 2023, kuna lawama ambayo haijapoa: tathmini za shuleni ni alama za bure. Mama anatengeneza mradi usiku, mtoto anaubeba asubuhi, mwalimu anajaza alama. Nazo si haba, maana katika tathmini ya Gredi ya 6, kazi za shuleni kuanzia Gredi ya 4 zimetengewa asilimia 60 na karatasi ya mwisho 40.

Lawama hiyo ina ukweli. Mwalimu anayempima mwanafunzi wake huvutwa na huruma, na jina la shule pia. Ila wanaolalamika wanauona mtihani wa kuchagua jibu kama mizani isiyodanganya. Haya, tupige hesabu. Maswali 40, majibu manne kwa kila swali. Asiyejua hata moja, akichagua kwa ana ana ana do, kwa wastani anapata 10. Anayejua 12 akabahatisha 28 yaliyobaki anafika kama 19. Jirani yake anajua 16, asiyoyajua akayaacha wazi: 16. Aliyejua kidogo ndiye kaongoza. Ndiyo maana walimu huwahimiza watoto wasiache swali wazi. Kubahatisha nako kumeshakuwa somo.

Hata jibu la kuandika huficha mambo. Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kosa liko wazi: kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Je, aliyeandika 5/6? Pengine ameelewa, pengine kakariri hatua. Mpe karatasi aikunje, aonyeshe nusu na theluthi, aseme kwa nini vipande lazima vilingane kwanza. Dakika mbili zinatosha kumjua.

Darasa la watoto 60 linahitaji basi saa mbili, na hapo ndipo walimu hukata tamaa. Usiwaite wote siku moja. Waite watano kila kipindi wenzao wakifanya zoezi. Vipindi 12 umewamaliza.

Panapoharibika zaidi ni kwenye rubriki, yaani orodha ya vigezo vya kutoa alama. “Ameeleza vizuri” haipimiki. Andika kinachoonekana: anayejumlisha juu kwa juu yuko mbali na matarajio, anayepata jibu bila kueleza anayakaribia, anayepata na kueleza ameyafikia, anayetunga na mfano wake mwenyewe ameyazidi. Kisha walimu wawili wasahihishe kazi tano zilezile, kila mmoja peke yake. Wakipishana viwango viwili, maneno ya rubriki ndiyo mabovu, yarekebishwe kabla ya kazi nyingine kuguswa.

Na mradi ufanyiwe darasani, vipindi viwili au vitatu, kazi ambayo haijakamilika ibaki kabatini. Mama atafute katoni na gundi tu.