Mjomba, Kofia na Punda Aitwaye Lori

Mjomba wangu ni nahodha mstaafu, mtu wa Mkomani hapa Lamu, na adui yake duniani ni mmoja tu: punda wa jirani. Punda huyo anaitwa Lori. Vichochoro vyetu havipitishi gari, kwa hiyo lori letu ni yeye, ingawa tangu nimfahamu sijamwona akibeba hata kikapu. Mwaka juzi aliikuta kofia ya mjomba imeanikwa barazani, akaila. Na haikuwa kofia ya dukani. Ilikuwa kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono tundu kwa tundu, miezi na miezi. Mjomba alipotoka nje alikuta uzi tu unaning'inia mdomoni mwa mnyama.

Sasa Idi iliyopita mjomba alipata kofia mpya. Baada ya swala akaniita: "Mpwa wangu, lete hiyo kamera yako. Picha hii itaning'inizwa sebuleni, jirani akija kunywa kahawa aione."

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nina Nikon D3200 niliyoinunua mkononi mwa mtu, na napiga majahazi, machweo na paka, kama kila mtu mwenye kamera Lamu. Nilimsimamisha mbele ya ukuta wa matumbawe, nikapiga. Na mjomba, ambaye kwenye picha zake zote anafanana na mtu anayesomewa hukumu, siku hiyo alitabasamu.

Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera hakionyeshi kitu. Nilipofika nyumbani na kufungua kompyuta ndipo nikamwona Lori. Amechungulia kutoka kichochoroni, shingo ndefu, midomo imechongoka, amebakisha kama vidole viwili kuifikia kofia.

Kumwambia mjomba turudie? Tabasamu lile haliji mara mbili. Ilibidi punda aondoke.

Nikaanza kutafuta programu, na hapo ubahili wangu ukajitokeza hadharani. Lightroom ndiyo inayosifiwa na kila mtu, lakini tangu 2017 kampuni yake iliacha kutoa matoleo mapya ya kununua mara moja. Unakodi kwa mwezi, kama chumba. Wakati ule ilikuwa kama dola 10, na mimi nikapiga hesabu ya samaki zinazonunuliwa kwa pesa hiyo, nikafunga ukurasa. GIMP ni ya bure, ipo tangu miaka ya tisini, ila nilipoitupia faili langu la NEF, yaani picha mbichi jinsi Nikon inavyoitoa, ikaniambia nitafute kwanza darktable au RawTherapee ya kulifungua. Sawa. Darktable nayo ni ya bure, na nikaona inacho kifaa cha kuziba madoa. Punda ni nini kama si doa kubwa?

Usiku tano, bwana. Kompyuta yangu ni mzee kuliko baadhi ya wapwa zangu, kila nikigusa kitu inapumua kwanza. Nilikuwa nachota kipande cha ukuta hapa, nabandika juu ya pua ya Lori pale. Usiku wa pili mjomba alikuwa na masikio matatu. Usiku wa tatu stima ilikatika nikiwa nimebakiza kwato. Usiku wa tano ukuta ulikuwa ukuta, kofia inang'aa, na Lori hayupo, hata kivuli chake. Nililala kama niliyetoka kuvua.

Nilitaka ichapishwe kubwa, sentimita 60 kwa 90, na fremu. Nikaingiza folda nzima kwenye flashi, nikaivusha Mokowe, kondakta wa basi akaipeleka studio moja Malindi. Kesho yake wakanipigia. "Kuna faili mbili hapa. Moja kubwa, nyingine ndogo sana na haifunguki. Tufanyeje?"

Nikawajibu kwa sauti ya mtaalamu: "Hiyo ndogo itupeni. Chapisheni kubwa."

Fremu ilirudi imefungwa makaratasi na gundi ya kutosha kuziba mashua. Sikuifungua. Nilitaka ifunguliwe mbele za watu, na watu wakaja: mkaza mjomba, watoto, majirani, na yule jirani mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi. Mjomba akakata gundi taratibu, akivuta kila karatasi kwa madaha.

Lori alitoka wa kwanza. Kwa ukubwa ule ungeweza kuhesabu nywele za puani.

Kimya kilitanda. Kisha mkaza mjomba akaanza kutikisika mabega, shela mdomoni, na watoto hawakungoja ruhusa. Mjomba alinitazama muda mrefu. "Mwanangu," akasema polepole, "hizo usiku tano ulikuwa ukimpamba?"

Kosa lilikuwa langu tupu. Darktable haiigusi picha ya asili hata chembe. Yale yote unayoyafanya huyaandika pembeni, kwenye kijifaili cha XMP, kama maelekezo tu. Ukitaka picha yenye kazi yako lazima uiamuru ikutolee JPEG, na mimi sikuiamuru. Yaani niliwapelekea watu mchele na karatasi ya mapishi, wakaniuliza kuhusu karatasi, nikasema tupeni. Wao wangefanyaje? Walichapisha alichokiona kamera, na kamera ilimwona punda.

Nilitoa JPEG usiku uleule, na pesa ya fremu ya pili ikapita ya kukodi programu miezi kadhaa; hesabu hiyo sitaki kuimalizia. Fremu ya kwanza mkaza mjomba aliitundika jikoni. Ya pili iko sebuleni.

Wiki moja baadaye jirani akanishika njiani, akanivuta kando, akatazama huku na huku.

"Ile picha ya mwanzo," akasema, "nami naitaka kubwa vilevile. Nitalipa. Ila huyo mzee aliyesimama mbele ya punda wangu, muondoe."