Mashine Mbovu Ndiyo Iliyowakutanisha

Skripti nyingi za urafiki kati ya watu wasiojuana hufa kwenye benchi. Wahusika wawili wanakaa, mmoja anasema ana upweke, mwenzake anakiri kwamba naye ni mpweke, muziki laini unaingia, basi tunatakiwa tuamini kwamba wameshakuwa marafiki. Filamu ndogo ya Ireland iitwayo Once, iliyoongozwa na John Carney, inaonyesha njia bora zaidi, na kila anayetaka kuandika kisa cha aina hii angeitazama akiwa na kalamu mkononi.

Tuko Dublin, mtaa wa Grafton. Mwanamume anapiga gitaa usiku. Msichana mhamiaji kutoka Jamhuri ya Cheki anasimama, anamtunza senti 10, kisha anamwandama kwa maswali. Katika maswali hayo anagundua kwamba jamaa, pamoja na muziki, anafanya kazi katika duka la babake la kutengeneza mashine za kufyonza vumbi. Naye nyumbani anayo moja, mbovu. Kesho yake anatokea akiiburuta barabarani kwa bomba lake, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mashine hiyo ndiyo msingi wa kila kinachofuata. Bila yake wangeagana pale pale na asingekuwa na sababu ya kurudi. Baada yake inakuja piano: msichana hana ya kwake, ila mwenye duka moja la ala za muziki humruhusu kupiga iliyo dukani wakati wa chakula cha mchana. Mwanamume anamwonyesha wimbo wake, kordi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) moja baada ya nyingine, na kamera inangoja hadi wimbo uive. Kisha zinakuja betri za kifaa cha kusikilizia muziki, mkopo wa benki, wapigaji wa kuwaokota mitaani, na studio ya kukodi kwa wikendi moja. Kila hatua ni shughuli ambayo mmoja peke yake haiwezi. Hakuna anayetamka neno urafiki, lakini tunauona ukijengwa mbele yetu.

Jaribio la skripti yako ni jepesi. Chora safu mbili: mhusika ana nini, na anakosa nini. Anachokosa wa kwanza kiwe mkononi mwa wa pili, na kinyume chake, na viwe vitu vya kushikika: chombo, ufundi, ufunguo, lugha. Halafu mwondoe mmoja. Kazi ikiendelea kama kawaida, huna kisa bado.

Tazama pia mahali ufa unapotokea. Waandishi wengi huungoja hadi karibu na mwisho, ndipo waibue siri iliyofichuka. Hapa unakuja mapema: mwanamume anamwomba msichana alale kwake, naye anaondoka kwa hasira. Ufa huo umetoka katika tabia ya mtu, wala haukupachikwa na mwandishi, na ndiyo maana radhi anayoiomba baadaye ina uzito.

Filamu ilipigwa kwa siku 17, Januari 2006, kwa bajeti ya takriban yuro 112,000. Karibu robo tatu ya fedha hizo zilitoka bodi ya filamu ya Ireland, na Carney aliwaachia waigizaji wake wawili malipo yake mwenyewe. Gawanya urefu wa filamu, dakika 86, kwa siku 17, unapata dakika tano za filamu iliyokamilika kila siku. Huo ni mwendo mkali. Uliwezekana kwa sababu skripti ilifuata kilichokuwepo: nyumba za marafiki, mwanga wa asili, onyesho la karamu lililopigwa katika fleti ya mwigizaji mkuu, Glen Hansard. Hansard ni mwanamuziki wa kundi la The Frames, ambamo Carney aliwahi kupiga besi. Markéta Irglová, aliyekuwa na miaka 17, tayari alikuwa akifanya muziki naye. Hapo pana funzo ambalo wengi hulipita: ukitaka watu wasiojuana waaminike kwenye skrini, tafuta waigizaji waliokwisha kufanya kazi pamoja. Kujifanya mgeni kunafundishika kwa siku mbili. Ile hali ya kupokezana pumzi katikati ya wimbo haifundishiki kwa wiki mbili za mazoezi.

Kinachoigwa vibaya zaidi ni picha. Watu huona kamera ikitikisika wakadhani uhai wa filamu uko humo. Matukio ya barabarani yalipigwa kwa lenzi ndefu, ile inayovuta karibu kilicho mbali, kamera ikiwa mbali, hata wapita njia wengi hawakujua kwamba kuna filamu inapigwa. Waigizaji nao, ambao si wa kusomea, wakasahau kwamba wanatazamwa. Ukimsogelea mwigizaji asiye na uzoefu hadi mita moja na nusu, macho yake yatacheza kila mara.

Lakini lenzi ndefu ina deni lake, na deni hilo hulipwa kwenye sauti. Kamera ikiwa mita 25 mbali, maikrofoni iliyo juu yake inanasa pikipiki na honi za magari tu. Kila mwigizaji avae maikrofoni ndogo isiyo na waya, ibandikwe kifuani chini ya nguo kwa utepe wa kitabibu, mbali na kitambaa cha nailoni kinachochakarika. Weka betri mpya kila nusu siku. Kabla ya kuhama mahali, nyamazisha kila mtu na urekodi dakika nzima ya sauti ya mahali penyewe. Ukiikosa hiyo, kila mkato wa mhariri utasikika kama mlango unaofungwa.

Carney hakuwa na vibali vya mitaa hiyo. Hilo lisikupoteze: Kenya na Tanzania zote zina sheria inayodai kibali cha kupiga filamu, na siku moja ya kuzuiliwa kamera inakula bajeti kuliko ada. Mwanga nao ni tofauti. Januari, Dublin hupata mchana wa takriban saa nane tu, wenye jua la chini na laini. Sisi tunalo jua kwa saa kumi na mbili, ila la adhuhuri linachimba mashimo meusi chini ya nyusi. Nje piga kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Katikati ingia ndani, karibu na dirisha.

Kuna jambo moja ambalo lingestahili kuigwa zaidi ya lilivyoigwa. Wakiwa kilimani, bahari ikiwa chini yao, mwanamume anamuuliza msichana, kwa Kicheki cha kubabaisha, kama anampenda mumewe, aliyebaki kwao Cheki. Anajibiwa kwa Kicheki, maneno mawili, na hakuna tafsiri chini ya skrini. Mwanamume haelewi. Mtazamaji haelewi. Mwongozaji angeweza kuandika tafsiri kwa herufi chache tu na kila mtu angejua. Hakuandika, nasi tunabaki tumesimama upande wa yule mwanamume, tukimtazama msichana akitembea zake.