Amalfi: mji wa karatasi uliofichwa nyuma ya sanamu

Ukishuka kwenye boti itokayo Salerno, kusini mwa Italia, anayekupokea katika mji wa Amalfi ni sanamu ya Flavio Gioia akiitazama dira iliyo mkononi mwake. Uwanja wa bandarini una jina lake, na husemwa ndiye aliyevumbua dira. Lakini huenda mtu huyu hakuwahi kuwapo. Mwaka 1511 msomi mmoja aliandika kwamba, kama asimuliavyo Flavio, yaani mwanahistoria Flavio Biondo, matumizi ya sumaku baharini yalianzia Amalfi. Waliokuja nyuma wakausoma mkato mahali si pake, na msimulizi akageuka mvumbuzi. Wachina nao waliijua dira zamani zaidi.

Sisemi sanamu ing'olewe. Ninaloumia nalo ni kwamba inasifiwa hadithi, huku kazi ya mikono iliyofanyika kweli pale ikipitwa na wageni wengi.

Leo Amalfi ina wakazi kama elfu tano tu. Katika karne ya 10 msafiri Mwarabu Ibn Hawqal aliusifu kwa utajiri kuliko miji jirani. Wafanyabiashara wake walikuwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), Misri na Yerusalemu, na milango ya shaba ya kanisa lake kuu ilisubuliwa Konstantinopoli katika karne ya 11. Waliunda meli zao katika arsenale, neno litokanalo na Kiarabu dar as-sina'a, nyumba ya ufundi. Ndani yake mna mzizi uleule wa neno letu sanaa. Pisa, mji shindani wa Italia, ikauteka na kuupora mji mwaka 1135 na tena 1137, kisha dhoruba ya 1343 ikameza sehemu yake ya chini.

Kilichobaki ni karatasi. Ufundi huu waliupata kwa Waarabu, wakaujenga bondeni juu ya mji, penye mto Canneto. Matambara ya pamba na kitani yalitiwa katika mabirika ya mawe, nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji zikayatwanga hadi yawe rojo. Fundi alichovya fremu ya waya, akainua, akaitikisa kidogo maji yachuruzike, akaulaza ule utando juu ya kitambaa cha sufu. Kisha shinikizo, kisha kuanikwa. Karatasi hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 1231 Kaizari Frederick II, aliyetawala kusini mwa Italia, alipiga marufuku kuandikia hati rasmi juu yake. Alitaka ngozi, akihofia karatasi haitadumu.

Mafuriko ya mwaka 1954 ndiyo yaliyoviangamiza vinu vingi. Kimoja cha kale kimegeuzwa jumba la makumbusho, na nyundo zake bado hutwanga mbele ya wageni.

Nasi tuna haki ya kulijali bonde hili. Waitalia husema carta, sisi karatasi: maneno yote mawili chimbuko lake ni Kigiriki, letu likapitia Uarabuni.

Kwa hiyo ningependa pale bandarini, kando ya Gioia, liwekwe birika moja la mawe na nyundo zake. Wageni wa siku moja huishia kanisani na kwenye maduka ya limau, kisha hurudi kwenye boti. Barabara kuu wanayoikanyaga imejengwa juu ya mto Canneto, na maji yaliyozungusha vinu vile yangali yakipita chini yake kwenda baharini.