Mama Mkwe na Namba Sita

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 soko la hisa la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, na likasimamishwa hapo hapo. Wana kanuni yao: fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa kama 500, ikiporomoka kwa asilimia 7, biashara inasimama dakika 15 ili watu wavute pumzi. Mimi katika dakika hizo sikuvuta pumzi yoyote. Nilikuwa chumba cha mapumziko cha ghala moja hapa Maryland, simu mkononi, natafuta namna ya kuingia kwenye akaunti yangu ya kustaafu niuze kila kilichomo.

Kwa mlioko nyumbani Tanzania, akaunti yenyewe inaitwa 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1978. Wale wa NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, mnajua utaratibu wenu: asilimia 10 yako, asilimia 10 ya mwajiri, na pesa inawekezwa wapi hakuna anayekupigia simu kukuuliza. Huku unaulizwa. Unakatwa kwenye mshahara, mwajiri anaongezea kidogo akijisikia, halafu unachagua mwenyewe mfuko wa kuwekeza. Ikizaa ni yako, ikipukutika ni yako vilevile. Nyumbani watu wanagombana na kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu za mafao. Huku hakuna wa kugombana naye, maana kikokotoo ni wewe.

Mimi nilichukua mfuko wenye mwaka 2045 kwenye jina lake, yaani wataalamu wanakupangia hisa na hati fungani kwa kuangalia mwaka utakaostaafu. Niliupenda kwa sababu haukutaka nifikiri. Na kweli sikufikiri, hadi Februari ile soko lilipofika kileleni tarehe 19 kisha likaanza kuteremka. Jumatatu ya tarehe 9 Machi likasimamishwa. Alhamisi ya tarehe 12 likasimamishwa tena, na fahirisi ya Dow, kipimo kingine cha bei za hisa, ikafunga siku ikiwa imepoteza pointi 2,352. Jumapili jioni benki kuu yao ikatangaza kushusha riba hadi karibu na sifuri. Nikamwambia mama watoto hiyo ni habari njema. Kumbe wenye pesa waliipokea kama mgonjwa anavyomsikia daktari akisema "tutajaribu kila njia."

Kule ghalani kila mtu alikuwa na simu yake usoni isipokuwa mzee mmoja, dereva wa foklifti, aliyekuwa anakula mkate wake taratibu. Nikamuuliza kama yeye hana 401(k). Akasema anayo, ila hajaifungua tangu 2008. Nikamhurumia sana.

Basi, tovuti ya kampuni inayotutunzia akaunti ilikuwa inazunguka tu. Programu ya simu ikaniambia kuna hitilafu, nijaribu baadaye. Baadaye ya nani, wakati Dow inashuka kwa mamia ya pointi nikipepesa macho? Nikajaribu kompyuta ya msimamizi, nikarudi kwenye simu, nikatoka nje kutafuta mtandao wenye nguvu nikiwa na fulana tu, Machi ya Maryland. Ghafla ukurasa ukafunguka. Neno la siri likakubaliwa. Moyo ukatulia. Halafu yakaja maandishi: kwa usalama wako, tumetuma namba sita za uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu hizi.

Nikazitazama zile tarakimu. Nikazitambua. Zilikuwa za mama mkwe.

Hapa inabidi nieleze. Nilipoajiriwa mwaka 2014 niliandikisha namba niliyokuwa nayo wakati ule. Baadaye mwajiri akanipa simu nyingine, na ile laini ya zamani ikabaki kwenye mkataba wa familia, inalipiwa kila mwezi, haina kazi. Januari 2020 mama mkwe akaja kutoka Tanga kumwangalia shemeji aliyejifungua kule Dallas. Mama watoto, ambaye hapendi kitu kilipiwe bure, akasema laini apewe mama. Uamuzi mzuri kabisa, ulituokolea hela. Hakuna aliyekumbuka kwamba mahali fulani kuna kompyuta inayoamini kuwa mimi bado ndiye mwenye namba ile.

Ujumbe ulisema namba zinakufa baada ya dakika 10. Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Mama, kuna ujumbe umeingia..."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Mama, kwenye simu yako hapo..."

"Na mwenzio?"

"Mzima, yuko kazini."

"Kazini, na maradhi haya! Haya. Na huko kwenu baridi imepungua?"

Asiyeoa Tanga atauliza kwa nini sikumkatiza. Aliyeoa hawezi kuuliza. Mkwe akimkatiza mama mkwe salamu, habari inafika Chumbageni kabla ya magharibi, na ikifika inakuwa imeota mikia. Kwa hiyo nikajibu habari ya baridi, nikajibu habari ya mafua ya mtoto mdogo, nikapokea salamu za mjomba, nikaulizwa kama nakula vizuri maana nimekonda kwenye picha. Zikaja pole za kazi. Tulipofika kwenye suala la ujumbe, namba zilikuwa zimeshakufa zamani.

Nikaomba nyingine. Nikapiga tena nikidhani salamu tumeshazimaliza. Zile zilikuwa za kwanza tu. Sasa kulikuwa na jipya. "Umesikia ya nyumbani? Kirusi kimeingia Arusha. Ummy ametangaza." Alimtaja waziri wa afya kwa jina moja, kwa sababu Ummy Mwalimu ni mtu wa Tanga, na kwa mama mkwe mtu wa Tanga akitangaza jambo, hata likiwa janga, limetangazwa vizuri. Tukamwombea mgonjwa. Tukaiombea nchi. Sikuweza kusema amina kwa haraka.

Mara ya tatu nilikuwa na mbinu. Nilisalimia kwa pumzi moja, nikajijibia mwenyewe: shikamoo mama, sisi wote wazima, baridi imepungua, mama nakuomba unisomee namba zilizoingia sasa hivi. Akanyamaza. Kisha nikasikia anamwita mjukuu, ambaye shule zao zilikuwa zimefungwa, aje amsomee. Mtoto ana miaka tisa, amezaliwa huku, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu.

"Bibi, wameandika usimpe mtu yeyote namba hii. Akikupigia mtu kuiomba, usimpe."

"Umesikia mwanangu?" akaniambia mama mkwe. "Wanasema nisimpe mtu."

"Mama, mtu mwenyewe ndiye mimi."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Na hapo sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha. Nyumbani mama alikuwa anapokea zile jumbe za matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii," na jirani yake mmoja aliwahi kutuma kweli. Mama watoto akampa mama semina ya simu nzima: namba za siri hazitajwi, hata mtu akisema ni mtoto wako, hata akilia. Mama alielewa somo. Ni mwanafunzi bora niliyewahi kukutana naye.

"Sauti yako leo siyo," akaendelea. "Unahema. Mkwe wangu hahemi. Kama ni wewe kweli, mkaja wangu ulinipa nini?"

Kwa msiojua, mkaja ni haki ya mama wa bibi harusi, wanapewa kwa ajili ya tumbo lililombeba binti. Mimi wakati wa harusi mambo yalikuwa yamenibana. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha mapumziko, Wamarekani kama kumi wananitazama, na bahati nzuri hawajui Kiswahili.

"Doti mbili za kanga, mama."

"Na fedha?"

"Fedha... ilibaki."

"Ilibaki," akasema kwa kuridhika. "Ni wewe."

Akaanza kusoma. Tano. Halafu akaomba miwani. Halafu sita, au nane, maana kioo cha simu kilikuwa na ufa. Mjukuu akampokonya akazitaja zote kwa kasi, nikaziingiza, na mtambo ukanijibu kwamba majaribio yamezidi, akaunti imefungwa kwa usalama wangu, nipige simu huduma kwa wateja.

Huduma kwa wateja ilianza na mashine. Mashine ikaniambia nieleze kwa maneno machache shida yangu. Nikasema nataka kuuza. Ikanielewa kwamba nataka kubadilisha anwani. Nikasema tena, pole pole, kwa lafudhi ya watangazaji wao wa televisheni. Ikanishukuru, ikaniomba anwani mpya. Niliponyamaza kwa hasira ndipo ilipoamua kunipeleka kwa binadamu, na njiani ikanipigia piano. Kibao ni kimoja, kikiisha kinaanza upya, na katikati sauti inasema simu yako ni muhimu sana kwetu. Nilipakia maboksi, nikala, nikaswali, sikioni piano.

Aliyepokea alikuwa dada mmoja mpole ajabu, na kwa sauti yake alikuwa ameshatukanwa tangu asubuhi. Akaniuliza maswali: tarehe ya kuzaliwa, anwani, mnyama wangu wa kwanza kufuga aliitwaje. Nilimfuga beberu pale Morogoro, nikamwita Waziri. Nikamtajia herufi moja moja. Akasema sawa kabisa, nimefaulu, limebaki jambo moja dogo. Anatuma namba sita kwenye simu yangu.

Nikamwomba asubiri. Nikaunganisha simu ya pili. Akapokea mjukuu, ananong'ona:

"Bibi anaswali."

Ilikuwa adhuhuri ya Dallas. Na mama mkwe akitoa salamu ya mwisho haamki. Kuna nyiradi, kuna dua, na siku hiyo dua zilikuwa na mengi ya kubeba. Yule mtoto sikutaka hata kumjaribu, maana alishasema namba za bibi hagusi bila ruhusa ya bibi. Dada wa huduma akasema hana haraka. Kwa kuwa tulikuwa tunangoja tu, akaniuliza nilitaka kufanya nini. Nikamwambia nataka kuuza mapema, dakika hii, kabla soko halijaanguka zaidi.

Akaniambia kwa upole uleule kwamba mfuko wangu hauuzwi kwa dakika. Ukibonyeza saa tatu na nusu asubuhi, ukibonyeza saa nane mchana, bei ni moja: ile ya kufunga soko, saa kumi jioni.

"Kwa hiyo hata ningeingia asubuhi..."

"Bei ingekuwa ileile."

Nikafikiria ile fulana nje kwenye baridi. Nikafikiria mkaja, mbele ya watu.

Mama alipomaliza nyiradi, tukasalimiana, kwa sababu adhuhuri si asubuhi. Kuna mafundo mengine yalipita pale kati, ya miwani na ya ule ufa, hadi namba zikatumwa upya na nikaingia ndani. Saa kumi ilikuwa imepita. Dow ilikuwa imefunga chini kwa pointi 2,997, karibu asilimia 13, siku moja. Salio langu sitaliandika hapa. Shemeji zangu wanasoma. Yule dada akanieleza kwamba nikiuza sasa nitapata bei ya kesho jioni, ambayo hakuna anayeijua, na kwa kanuni za mpango wetu nikishatoka kwenye mfuko ule sirudi hadi siku 30 zipite. Nikampigia mama watoto.

"Unastaafu lini wewe?" akauliza.

"2045."

"Basi njoo na maziwa, yameisha."

Kesho yake S&P 500 ikapanda asilimia 6. Keshokutwa yake soko likasimamishwa tena. Tarehe 23 likagusa chini kabisa, asilimia 34 pungufu ya kile kilele cha Februari, kisha likageuka; Aprili pekee ilirudisha karibu asilimia 13, na kufikia tarehe 18 Agosti S&P 500 ilikuwa imekipita kilele chenyewe. Mama watoto hakungoja Agosti. Mwisho wa Aprili, Ramadhani imeshaandama, alimpigia mama yake akamweleza kwamba kama si yeye, baba watoto angeuza kila kitu kwa bei ya chini. Nadhani alikusudia kumfurahisha tu.

Simu yangu ikalia kabla ya futari.

"Mwanangu, nasikia nimekuokolea pesa."

"Ni kweli mama, tunashukuru."

"Alhamdulillah. Na ule mkaja?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba pesa ile imefungwa. Mtu akiigusa kabla ya kufika miaka 59 na nusu, anakatwa kodi, na juu ya kodi faini ya asilimia 10. Nilikuwa naisifu kimoyomoyo ile faini, sikuwahi kuiona ina faida namna ile.

"Hiyo ilikuwa zamani," akasema. "Mjukuu amenisomea. Tarehe 27 Machi rais wao ametia saini, mwaka huu faini hawakati. Mtu anatoa hadi dola 100,000."

"Mama, hiyo ni kwa walioathirika na korona peke yao."

Kukawa kimya Dallas. Kisha akaniambia yeye alikuja kwa mtoto mmoja na makoti mawili ya kuazima, leo ni mwezi wa nne, nyumbani wamezuia ndege za abiria kutoka nje, Ramadhani anafungua kwa tende za supamaketi, na kila siku analetewa namba sita na watu asiowajua. Kama huko si kuathirika, nimweleze mimi niliyesoma.

Mkaja niliutuma kabla ya Idi, kutoka kwenye mshahara. Akapokea, akanipigia kushukuru, akaniuliza kama watoto hawajambo.