Tai wahesabiwe kila mwaka, hata siku asiyopita hata mmoja

Kuna watu ukiwaambia kwamba huko duniani kuna wenzetu wanakaa juu ya mlima toka katikati ya Agosti mpaka katikati ya Desemba, kazi ni kuhesabu mwewe na tai wanaohama kukimbia baridi, wanakuuliza faida yake nini, si wawafunge tu vile vifaa vya setelaiti wajue wanaenda wapi yaishe. Sikubaliani kabisa. Setelaiti itakuonyesha tai mmoja kalala wapi na kapita wapi, ila haikwambii wamebaki wangapi.

Chukua Hawk Mountain, kule Pennsylvania, Marekani. Zamani watu walikuwa wanapanda pale na bunduki kila vuli wanawatungua mwewe kwa mamia, tena kuna aina moja serikali ya jimbo ilikuwa inalipa dola 5 kwa kila anayeuawa. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, akaukodi ule mlima akawaweka Maurice Broun na mkewe Irma waulinde, na Broun akiwa palepale akaanza kuhesabu. Mpaka leo wanahesabu, ukitoa miaka michache ya Vita vya Pili vya Dunia. Pale panafaa kwa sababu upepo ukigonga ubavu wa mlima unapanda juu, mwewe anatandaza mabawa tu anateleza nao masafa marefu bila kujichosha, kwa hiyo ndege waliotawanyika kwenye misitu mikubwa ya kaskazini, ambao huwezi kuwafuata mti kwa mti, wanakuja wenyewe kupita mbele ya macho yako.

Na kazi yenyewe si ya mchezo jamani. Unakaa juu ya mawe, darubini machoni, unaanza na kidoa ambacho kinaweza kuwa inzi, kinakaribia, unaangalia mkia, unaangalia anavyopiga bawa, unataja aina yake, unaandika, na kila saa unajaza upepo unatoka wapi, mawingu yakoje na joto ni nyuzi ngapi. Pale wanasimamisha mlingoti wenye sanamu ya bundi, maana mwewe wadogo wanamchukia bundi vibaya sana, wakimwona wanashuka kumshambulia na hapo unawaona kwa karibu. Katikati ya Septemba siku moja inaweza kuleta maelfu na watu wanajaa, lakini Desemba kuna baridi kali na pengine hapiti hata mmoja, na ile sifuri inaandikwa vilevile. Mimi namheshimu zaidi huyu wa Desemba.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonifanya niandike. Tai mwenye kichwa cheupe, ile nembo ya Marekani, akiwa mchanga ni mweusimweusi mwili mzima, kichwa kinakuja kuwa cheupe akifika kama miaka mitano. Broun alikuwa anawaandika kwa umri. Miaka ya 1935 hadi 1939, asilimia 40 ya tai waliopita walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 ikashuka mpaka asilimia 20, na mwaka 1957 alipita mchanga mmoja kwa kila wazima 32. Tai anaishi miaka mingi, kwa hiyo mtu aliyekuwa anatazama tu angesema tai si hawa hapa, wapo, kumbe ni wazee watupu, watoto hakuna! Rachel Carson akazichukua namba hizo akaziweka kwenye kitabu chake cha 1962 kuhusu sumu za kuua wadudu, na baadaye ikaja kujulikana kwamba DDT, moja ya sumu hizo, inafanya ganda la yai liwe jembamba, mama akilalia linapasuka. DDT ikapigwa marufuku Marekani 1972, na 2007 yule tai akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Bila daftari la miaka ishirini na kitu nyuma, ile asilimia 20 ungeilinganisha na nini?

Ndiyo maana roho inaniuma nikiangalia upande wetu. Vuli ya 1987 watu walikaa Djibouti, pale Bab el-Mandeb ambapo bahari inakuwa nyembamba, ndege hawa wakubwa wanapenda kuvukia hapo kwa sababu juu ya maji hakuna hewa ya moto ya kuwabeba, wakahesabu zaidi ya tai wa nyika 76,000 wakitoka Yemen kuingia Afrika. Hao ndio tunaowaona Kenya na Tanzania mvua zikianza, wametua chini wanaokota kumbikumbi. Toka 2015 wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani, nyaya za umeme zinawaua kila siku, na namba inayotajwa sana mpaka leo ya pale Bab el-Mandeb ni hiyohiyo ya 1987. Namba ya msimu mmoja!

Wenye bajeti za uhifadhi waweke kituo pale Djibouti, kila vuli, vijana wa Djibouti, Ethiopia, Kenya na Tanzania wakipokezana, njia ileile ya kuhesabu na mahali palepale, hata kwa miaka 30. Na waandike umri. Tai wa nyika mchanga ana mkanda mweupe chini ya bawa unaoonekana hata akiwa juu sana, kwa hiyo kumtenga na mzima inawezekana kabisa kwa darubini ya kawaida.