Historia Fupi ya Bibi, Niliyoiandika Vibaya

Niliiandika mimi, simsingizii mtu. Usiku wa kuamkia mazishi, uani kwetu Kitangiri, baba mdogo akinitajia na mimi nikiandika kwa mwanga wa simu. Marehemu alizaliwa Ukerewe mwaka 1932. Aliolewa. Alijaliwa watoto saba, wajukuu, vitukuu na vilembwe wawili. Kazi? “Andika mkulima,” akasema. Nikaandika mkulima. Kisha tukaingia kwenye ugonjwa, na hapo ndipo kalamu ilipopata nguvu: presha ilianza lini, alilazwa mara ngapi, nani alimbeba hadi kwenye gari, alikata roho saa ngapi. Miaka tisini na ushee ya uhai ikapata mistari sita. Miezi minne ya kuugua ikapata aya tatu.

Kesho yake niliposikia ikisomwa kwenye kipaza sauti, niliona aibu. Hizi historia tunazosoma misibani zimekuwa faili za hospitali zilizowekewa mstari wa Biblia mwishoni. Mtu anayesikiliza pale chini ya turubai anaondoka akijua mzee wetu alikufaje, hajui aliishije.

Maana Bibi hakuwa mkulima. Kishamba cha mihogo alikuwa nacho, nani hana? Bibi alikuwa mtu wa dagaa. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshajifunga kanga mbili, anateremka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kupokea mzigo kabla madalali hawajaamka vizuri. Kalenda yake ilikuwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi ya dagaa hulala, kwa kuwa taa haimvuti samaki ziwa likiwa jeupe. Siku hizo ndizo alizotumia kufua, kusuka mikeka na kwenda kanisani. Giza likiingia, usimtafute nyumbani.

Alishuhudia furu wakipungua ziwani na sangara wakitawala. Viwanda vya minofu vilipokuja Mwanza, wenzake wakahamia huko, wengine wakaishia kuuza mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Yeye akabaki na dagaa wake. Alisema sangara ni samaki wa wenye friji.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni namna alivyokagua mzigo. Hakuangalia rangi. Alizamisha mkono katikati ya gunia, siyo juu, kwa sababu juu kila mtu anaweka wazuri, akatoka na konzi moja, akaisogeza sikioni na kuifinya. “Dagaa mkavu analia,” alikuwa akituambia. Akikaa kimya, ana maji. Ukimsafirisha ataoza kabla hajafika Kongo. Kisha alitupa mmoja mdomoni kutafuta mchanga. Akiusikia kwenye meno, bei inashuka hapo hapo, na ole wako ubishe. Masika ilipomharibia mzigo wote, aliuza kwa wenye kuku, akapiga hesabu ya hasara kwa mistari ya mkaa mlangoni mwa stoo: mfupi sado, mrefu gunia. Shule hakuwahi kukanyaga. Mlango ule tuliupaka rangi siku ya pili ya msiba, ili wageni wakute nyumba safi. Hilo nalo sitajisamehe haraka.

Alipofika miaka themanini, wanawe walikaa kikao wakaamua apumzike. Akakubali kwa mdomo. Wiki ya pili tukagundua kila asubuhi anamwita kijana wa jirani amsomee ujumbe wa simu: alikuwa ananunua mzigo akiwa kitandani.

Haya yote hayakuwa kwenye karatasi yangu. Yalikuja kwa mlango mwingine. Baada ya mazishi mzee wa kanisa alitoa lile tangazo la kawaida, kwamba mwenye kumdai marehemu au anayedaiwa naye awaone wanafamilia. Huwa ni maneno ya kupita tu. Siku hiyo walisogea watu. Mama mmoja alisema Bibi ndiye aliyemfundisha kuanika kwenye chanja badala ya mchangani. Dereva wa lori alikuja na deni la nauli, ambalo tulililipa palepale. Wa mwisho alikuwa mzee aliyeegemea fimbo, aliyekuwa mbeba mizigo pale Mwaloni. Miaka mingi iliyopita Bibi alimpa gunia moja la dagaa kwa mali kauli, aanze biashara. Alianza. Akasomesha watoto. Gunia hakulirudisha, na kila walipokutana Bibi alimsalimia vizuri, kisha akamuuliza, “Na gunia langu?”

Kwa maoni yangu, tangazo lile la madeni ndilo lililokuwa historia ya marehemu. Tungelianza nalo, kwaya ikasubiri kidogo.

Baba mdogo, kwa ukarimu wa msibani, akamwambia yule mzee kwamba familia imesamehe.

“Hapana, mwanangu,” akajibu. “Mama yenu hakuwahi kunisamehe, msianze ninyi.”

Siku ya kuanua matanga alirudi na bajaji, gunia likiwa nyuma, limeshonwa kwa kamba mpya. Wajomba wakashukuru, wakataka kulipeleka stoo. Nikawaomba wasubiri. Nilifungua mshono kidogo, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikatoa konzi moja na kuisogeza sikioni.

Walilia.